Nakala za Picha za Sanaa na Maneno "Ubora wa Makumbusho"

Kuta za nyumba za wageni, zahanati binafsi, ofisi za mawakili na sebule za watu wa kawaida mjini Mbeya na Iringa zimeanza kupambwa kwa picha za namna ambayo zamani ilikuwa nadra huku kwetu: mapande mapana ya rangi yaliyokaa moja juu ya jingine, au nyuzi za rangi zilizomwagwa na kusukana kama mizizi ya mti. Nyingi kati yake ni nakala za sanaa dhahania, yaani sanaa isiyochora mtu, mnyama wala mandhari. Zinazopendwa zaidi ni za mkondo uliochipuka New York katika miaka ya 1940, ukiwa na wachoraji kama Jackson Pollock (1912–1956) na Mark Rothko (1903–1970). Picha za asili za wachoraji hao hazinunuliki na mtu wa kawaida, kwani bei zake hutajwa kwa mamilioni ya dola. Kinachouzwa kwetu ni nakala iliyochapishwa kwa mashine, na tangazo lake mara nyingi hubeba maneno haya: "ubora wa makumbusho".

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni jijini Mbeya alitujia na picha sita za namna hiyo. Alikuwa amezinunua kwa shilingi 380,000 kila moja, jumla shilingi 2,280,000, kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam ambaye hakuwahi kuonana naye ila kwa simu. Tangazo liliahidi kwamba rangi hazitapauka kwa miaka 100. Baada ya miezi minane, nyekundu ya picha nne zilizotundikwa mapokezi, mkabala wa dirisha, ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi alipofungua fremu, ule utepe mwembamba wa karatasi uliokuwa umefichwa na ukingo wa mbao ulikutwa bado mwekundu kama siku ya kwanza. Tutarudi kwenye shauri lake baadaye. Kwanza tueleze alichouziwa.

Maneno yasiyo na kipimo

Hakuna sheria wala kiwango rasmi kinachosema nakala ya picha ikiwa na sifa gani ndipo iitwe ya ubora wa makumbusho. Muuzaji yeyote anaweza kuyatumia maneno hayo juu ya kitu chochote, kuanzia chapa iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa hadi bango lililotoka katika mashine ya matangazo ya barabarani. Hali ni hiyohiyo kwa neno la kigeni giclée, ambalo baadhi ya wauzaji hulitamka kwa heshima kana kwamba ni jina la madini. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1991 na mchapishaji wa California aitwaye Jack Duganne, akilitoa katika neno la Kifaransa lenye maana ya kurusha au kunyunyiza, kwa kuwa mashine hunyunyizia wino juu ya karatasi. Linataja namna ya kuchapa tu, wala halisemi lolote kuhusu uimara wa kilichochapwa.

Katika Kiswahili neno makumbusho limetokana na kukumbuka. Aliyewahi kuingia katika Makumbusho ya Mkwawa kule Kalenga, au katika jengo la zamani la Wajerumani mjini Iringa liitwalo Iringa Boma, anajua kwamba kazi ya mahali hapo si anasa. Ni kukitunza kitu ili aliyezaliwa baada yetu naye akione. Muuzaji anayeazima neno hilo anaahidi kwamba kitu chake kitadumu, na mnunuzi ana haki ya kumuuliza: kitadumu kwa sababu gani? Majibu yenye maana ni machache na yanaweza kupimwa.

Wino na karatasi

Wino wa mashine za kuchapia picha ni wa aina mbili kubwa. Aina ya kwanza hutengenezwa kwa rangi iliyoyeyuka katika maji, kama chumvi katika mchuzi. Huwa mng'avu sana ukiwa mpya, bei yake ni nafuu, na ndio uliomo katika mashine nyingi ndogo za ofisini na studio. Aina ya pili ni wino wa pigimenti, ambamo rangi imo kama chembe ndogo mno zisizoyeyuka. Mwanga hulivunja tone la rangi iliyoyeyuka haraka. Chembe ya pigimenti hustahimili zaidi kwa sababu mwanga huanza kuila kwa nje, na sehemu ya ndani hubaki imelindwa. Nakala inayoitwa ya kudumu yapaswa kuwa imechapwa kwa wino wa pigimenti. Hilo ndilo swali la kwanza, na muuzaji anayeijua kazi yake hulijibu bila kusita.

Swali la pili ni la karatasi. Karatasi ya kawaida itokanayo na mbao ambazo hazikusafishwa vema hubaki na asidi, nayo asidi huigeuza kuwa ya manjano na kuifanya ivunjike, kama linavyofanya gazeti lililosahauliwa dirishani. Karatasi ya kuhifadhia picha hutengenezwa kwa nyuzi za pamba au kwa mbao zilizosafishwa kikamilifu, haina asidi, na kwa kawaida huwa nzito, gramu 250 hadi 300 au zaidi kwa mita moja ya mraba. Kiko kiwango cha kimataifa cha karatasi za maandishi na nyaraka za kudumu, ISO 9706, na ingawa hakikuandikwa kwa ajili ya picha za sebuleni, muuzaji anayekifahamu huwa anajua pia anachokiuza. Turubai nayo yaweza kuwa ya pamba au ya poliesta. Zote mbili zaweza kuwa njema, bali mnunuzi aambiwe ni ipi.

Maduka mengi ya mabango, Mwanjelwa na kwingineko, hutumia wino uliokusudiwa matangazo ya nje. Wino huo si mbaya kwa kazi yake. Kinachotukera ni pale bango la shilingi elfu kadhaa linapotundikwa katika fremu ya dhahabu na kupewa bei ya mara ishirini.

Jaribio lifuatalo halihitaji maabara. Omba kipande cha majaribio, japo cha ukubwa wa kiganja, kilichochapwa kwa wino na karatasi ileile utakayouziwa. Kikate vipande viwili. Kimoja kifungie ndani ya kitabu kizito, kingine kibandike ndani ya kioo cha dirisha linalopata jua. Baada ya wiki sita hadi nane viweke pamoja chini ya mwanga wa mchana. Tofauti ikionekana kwa macho, umekwisha kujua picha yako itakavyokuwa. Muuzaji anayekataa kutoa kipande cha majaribio kwa kazi ya laki kadhaa amekwisha kukujibu.

Jua la milimani

Watu husema Mbeya na Iringa ni baridi, na kwa hiyo rangi haziharibiki kama Pwani. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Joto dogo husaidia, lakini kinachopausha rangi ni mwanga, hasa miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa jicho, na miale hiyo huongezeka kwa takriban moja ya kumi kwa kila mita 1,000 tunazopanda. Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Chini ya anga safi la miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ukuta unaopigwa na jua la asubuhi mjini humo hupata adhabu kubwa kuliko ukuta wa namna hiyo Dar es Salaam.

Makumbusho mengi duniani huiweka kazi iliyo juu ya karatasi katika mwanga wa kiasi cha luksi 50 tu, ambao ni hafifu. Jua la wazi hufikia luksi 100,000. Yaliyompata Rothko mwenyewe yanafaa kukumbukwa. Mwaka 1964 michoro yake mikubwa ya ukutani ilitundikwa katika ukumbi wa kulia chakula wa Chuo Kikuu cha Harvard, ukumbi wenye madirisha makubwa. Katika michoro hiyo alikuwa ametumia rangi nyekundu isiyostahimili mwanga. Ilipauka vibaya, na mwaka 1979 ikaondolewa na kuwekwa ghalani. Ilipoonyeshwa tena mwaka 2014, wataalamu walilazimika kuielekezea mwanga wa projekta uliopangwa kwa uangalifu ili macho ya watazamaji yaone nyekundu iliyokuwapo zamani. Ikiwa picha ya asili ya mchoraji mkuu ilishindwa na dirisha la Massachusetts, ahadi ya miaka 100 kwa nakala iliyo mkabala wa dirisha la Mbeya inahitaji maelezo. Ahadi za namna hiyo hutokana na vipimo vya maabara vinavyochukulia kwamba picha iko ndani ya nyumba, nyuma ya kioo, mbali na jua la moja kwa moja. Muulize muuzaji masharti ya ahadi yake ni yapi.

Unyevu ni adui wa pili, hasa kwa wakazi wa Tukuyu na Rungwe, ambako mvua na ukungu havikauki kwa miezi mingi. Picha isitundikwe juu ya ukuta wa nje unaotoa jasho, wala juu ya mahali pa kuotea moto.

Kasoro ambazo jicho halizioni

Picha ya tembo ikichapwa na rangi ya kijani kupita kiasi, kila mtu atacheka. Picha dhahania haina tembo. Mnunuzi hana uso wala mti wa kulinganisha nao, na hapo ndipo wauzaji wazembe wanapojificha. Hata wajuzi hukosea: mwaka 1961 makumbusho mashuhuri ya sanaa za kisasa ya New York yalitundika kazi ya Matisse iitwayo Le Bateau juu chini kwa siku 47 kabla ya kasoro hiyo kusahihishwa.

Kasoro iliyoenea zaidi ni kukatwa kwa picha ili iingie katika fremu zilizokwisha kutengenezwa. Kuitambua ni hesabu ya darasa la tano. Mfano ni picha ya Pollock ya mwaka 1950 iitwayo Autumn Rhythm, iliyo katika makumbusho ya Metropolitan, New York. Urefu wake ni sentimita 266.7 kwenda juu na upana sentimita 525.8. Gawa upana kwa urefu: unapata karibu 2. Basi nakala kamili yenye upana wa sentimita 90 lazima iwe na urefu wa sentimita 46 hivi. Ukiuziwa nakala ya 90 kwa 60, ama picha imekatwa pembeni ama imevutwa kama mpira, na katika hali zote mbili si picha ile. Vipimo vya kazi mashuhuri hupatikana katika tovuti za makumbusho yanayozimiliki. Vitafute kabla ya kulipa.

Kasoro ya pili ni faili dogo. Nakala safi ya kutazamwa kwa karibu huhitaji nukta 300 kwa kila inchi. Kwa picha ya sentimita 60 kwa 90 hiyo ni takriban nukta 7,087 kwa 10,630. Picha iliyopigwa kwa simu ya megapikseli 12 ina nukta 3,000 kwa 4,000, na kwa kipimo hicho inatosha karatasi ya sentimita 25 kwa 34 tu. Nusu ya kipimo, yaani nukta 150, inavumilika kwa picha kubwa itazamwayo kwa mbali. Chini ya hapo kingo za rangi huwa na ukungu au vijisanduku. Mwombe muuzaji akutajie ukubwa wa faili kwa nukta, na mahali alipolipata.

Nakala, chapa ya msanii na picha ya mkono

Vitu vitatu huuzwa kwa jina moja la "picha", na bei zake hazipaswi kulingana. Kwanza ni picha ya mkono. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya hadibodi, na wafuasi wake wamerudia mitindo yake kwa mikono yao hadi leo. Twiga wawili wa Tingatinga wakifanana, kila mmoja bado amechorwa.

Pili ni chapa ya msanii. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam ilikuwa na wasanii, miongoni mwao George Lilanga (1934–2005), waliochonga bamba la chuma kwa asidi, wakalipaka wino na kutoa idadi ndogo ya chapa. Chapa hiyo ni kazi ya asili ingawa ziko nyingi, nayo huwa na saini ya penseli na namba kama 7/30, yaani ya saba kati ya thelathini.

Tatu ni nakala ya mashine, ambayo ni picha ya picha. Nayo yaweza kupewa namba na cheti, lakini namba hiyo ni ahadi ya muuzaji tu kwamba hatachapa zaidi. Tumeona "cheti cha uhalisi" kinachothibitisha kwamba nakala ni nakala halisi, jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilibishia.

Ukitilia shaka, mulika uso wa picha kwa tochi ya simu kutoka upande. Rangi iliyopakwa kwa mkono huwa na vilima na mabonde yanayofuata mkupuo wa brashi. Katika nakala uso ni bapa, au umepakwa gundi angavu yenye mistari isiyolingana na rangi zilizo chini yake. Kwa kioo cha kukuzia utaona vinukta vya mashine. Wala asiwepo wa kuona haya kukagua. Jumba la sanaa la Knoedler, New York, lililodumu zaidi ya miaka 160, lilifunga milango mwaka 2011 katikati ya kashfa ya kuuza picha bandia zilizodaiwa kuwa za Pollock, Rothko na wenzao. Baadaye mahakamani ilibainika kwamba zilichorwa na mtu mmoja katika mtaa wa Queens, na moja ilikuwa na saini ya Pollock iliyokosa herufi. 

Lipo pia suala la hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi ya msanii kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Nakala ya kazi ya Lilanga bado inahitaji idhini ya wenye haki. Muuzaji wa nakala za wasanii wa hapa nchini aulizwe idhini aliipata kwa nani. Na kwa maoni yetu, mtu mwenye shilingi 400,000 mkononi afikirie vilevile kumtafuta mchoraji aliye hai.

Kabla ya kulipa, na mzigo ukifika

Usitegemee mazungumzo ya simu. Andika ujumbe mfupi na umtake muuzaji ajibu kwa maandishi, kwa mfano: "Naomba unithibitishie: jina la kazi na la msanii; ukubwa wa picha yenyewe bila fremu; aina ya wino; aina na uzito wa karatasi; kama picha imekatwa; na utafanya nini rangi ikipauka kabla ya mwaka mmoja." Piga picha ya skrini ya tangazo siku hiyohiyo, kwa kuwa matangazo hufutwa. Lipa kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, na udai risiti ya kielektroniki.

Nakala isafirishwe ndani ya bomba gumu lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi. Ikiviringishwa kwa wembamba zaidi ya huo hupasuka uso. Turubai huviringishwa upande wa picha ukiwa nje. Mizigo ya basi hulala pamoja na ndoo za samaki na magunia ya vitunguu, hivyo plastiki iwe ya tabaka mbili. Ukipokea, rekodi video tangu kifungio kikiwa hakijakatwa.

Fundi wa fremu ndiye anayeweza kuharibu nakala njema kuliko wote. Mkataze kubandika picha kwa gundi au selotepu, ambazo huacha madoa ya kahawia. Mwambie aweke kadibodi isiyo na asidi kati ya picha na hadibodi ya nyuma, na ukingo wa kadibodi mbele ili kioo kisiguse wino. Kioo kikigusa, ukungu wa Julai utavigandisha pamoja, na havitaachana bila kuchanika.

Mambo yakiharibika

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake, na kilichouzwa kwa sampuli kilingane na sampuli. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na malalamiko ya namna hiyo hupokelewa na Tume ya Ushindani. Ujumbe wa simu waweza kupokelewa kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Anza kwa kumwandikia muuzaji, ukieleza kasoro, unachodai na siku ya mwisho ya kujibu.

Mama wa Mbeya hakuwa na risiti. Sauti za WhatsApp ambamo ahadi ilitamkwa alikuwa amezifuta simu ilipojaa. Alibaki na ujumbe wa malipo, picha moja ya tangazo ambayo bintiye alikuwa ameihifadhi kwa sababu alipenda rangi zake, na ule utepe mwekundu chini ya ukingo wa fremu. Muuzaji alipotumiwa picha ya utepe huo kando ya karatasi iliyopauka, hakukana tena kwamba wino ulikuwa wa bei nafuu. Alirudisha fedha za picha nne, shilingi 1,520,000, kwa mafungu matatu. Mbili zilizobaki hakuzilipia, akisema hazijaonyesha kasoro. Ni kweli hazijaonyesha: zimetundikwa katika korido isiyo na dirisha.